Ukurasa wa Mama Kwenye Kitabu cha Nasra

Mtani wangu Somoe,

Sijui huko uliko watu mnaulizana hali au mambo ya salamu mmeshayamaliza. Mie nakuuliza hivyo hivyo: umepumzika? Maana sie huku bado. Nimekaa dukani kwetu, hapa hapa Charambe, umeme umekatika tangu mchana, printa imenyamaza, na leo naona afadhali inyamaze tu. Nimechoka, Somoe. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ni ule wa kubeba peke yako kitu mlichozoea kukishika wawili.

Nina neno la kukuambia kuhusu mwanao Nasra. Nitazunguka kwanza, unanijua. Ulikuwaga unasema Mnyamwezi hawezi kuomba chumvi kwa jirani mpaka aanze na habari za mvua za Tabora. Basi vumilia, siku hizi huna haraka.

Bango lako bado lipo. Jua limeshakula nusu ya maandishi, lakini anayejua anajua kuwa hapa tunatengeneza vitabu vya watoto, kila mtoto na chake, mwenyewe akiwemo ndani. Ng'ambo ya barabara, pale alipokuwa akikaa fundi viatu, kijana mmoja kafungua steshenari ya kisasa. Ana kiyoyozi. Naye anatengeneza vitabu vya watoto, ila yeye anatumia akili mnemba. Unampa jina la mtoto, unanunua soda, kabla hujaimaliza kitabu kimetoka, rangi tupu, karatasi inateleza. Nilikishika kimoja, cha Zaituni, mjukuu wa yule bibi anayekaanga mihogo pale kona. Humo ndani Zaituni kapanda farasi mweupe kwenye theluji, na bibi yake mwembamba, ana miwani ya dhahabu, anaoka keki. Bibi yake Zaituni wewe unamfahamu. Nikamuuliza mtoto, huyu nani? Akasema hamjui. Na hapo alikuwa ameshika kitabu chenye jina lake.

Nilikukumbuka. Ulisema mtoto akijikuta kitabuni halafu si yeye, atajua kusoma ni mambo ya watu wengine.

Lakini wateja wanakwenda kwake, mtani, nikwambie ukweli. Hawana muda wa kungoja. Na mie sina miguu yako. Wewe ulikuwa ukitoka kufundisha chekechea unakwenda hadi nyumbani kwao mtoto, unavua viatu, unakaa mkekani, wazazi wanataka kukuhadithia wewe unawanyamazisha, unamuuliza mtoto mwenyewe. Nani anakuamsha? Nani anakuogesha? Unaogopa nini? Mlango wenu una rangi gani? Kama baba anataka kitabu kiseme wana gari na gari hawana, unamtazama tu mpaka anacheka mwenyewe. Halafu unarudi hapa na michoro yako, mie naiingiza kwenye kompyuta, nachapa herufi kubwa, nakunja, nabana pini. Kazi ndogo kabisa. Mtoto anaanza kutambua jina lake, anatambua jina la paka wao, anatambua Charambe, mara anashtukia kasoma ukurasa mzima na hakuna aliyempiga.

Unamkumbuka yule mama Mnyakyusa wa Kizuiani? Tulimtengenezea mwanawe kitabu, jina la mtoto kila ukurasa, tukajisifu. Akakipokea, akafungua, akafunga, akaondoka kimya. Mie nikasema hajakipenda, ana maringo. Kumbe mtoto karithi jina la baba mkwe, na kwao mkwe hatajwi, hata kwa kusoma. Mtoto kila siku anamng'ang'ania, mama nisomee, mama akifika kwenye jina anakohoa. Kitabu kizima ni kukohoa. Ulipoambiwa ulicheka mpaka ukakaa sakafuni, hapo hapo kwenye vumbi la karatasi. Halafu ukarudi kwao, ukauliza nyumbani mtoto wanamwitaje. Wanamwita Babu. Tukachapa upya. Babu anakwenda shule. Babu anaogopa bata. Babu anamaliza uji wote. Juzi nimemuona, yuko darasa la tatu sasa, kanipa shikamoo kwa sauti nzito kama babu kweli.

Najua nazunguka. Nafika.

Msibani kwako sikuifanya kazi yangu. Hilo unalijua, au hukuliona kwa sababu ndiyo kwanza ulikuwa unaondoka. Presha ilikuangusha asubuhi unaanika nguo, na mie nilipofika kwenu turubai lilikuwa limeshafungwa. Watu wote pale walikuwa wananingoja mie. Mzaramo akifa, mtani wake Mnyamwezi ana wajibu. Avae nguo ya marehemu, aige mwendo wake, azuie jeneza mlangoni mpaka apewe chochote, awachekeshe waliolia mpaka machozi yakakauka. Anasema yale ambayo mfiwa hawezi kuyasema. Hakuna wa kumkemea. Basi nikavaa ile kanga yako ya njano, nikatoka uani nikijua kabisa nitaiga unavyotembea ukiwa umechelewa, begi linakupiga kiunoni. Nikafika mlangoni nikasimama. Mdomo haukufunguka, miguu haikusogea. Mama yako akanitazama akasema, "Mtani, leo na wewe umekufa?" Watu wakacheka kidogo. Yaani mfiwa ndiye aliyenichekesha mie mtani. Nikaivua kanga nikaenda kukaa na wanaomenya vitunguu, angalau pale machozi hayaulizwi.

Sasa Nasra.

Nasra alikuwa anasoma, wewe ndiye uliyemfundisha kwa kile kitabu chake, kitabu cha kwanza kabisa tulichochapa, kile chenye jalada lililokatwa vibaya. Hajaingia hata darasa la kwanza alikuwa anakisoma chote. Baada ya arobaini yako akarudi shule, na huko hakusoma tena. Mwalimu anamsimamisha, anasimama. Anampa kitabu, anakishika. Neno halitoki. Mwalimu ni mgeni, kahamia juzi tu, hakumkuta Nasra yule wa zamani. Akamwita mama yako akamwambia mtoto huyu hajui kusoma, mwaka ukiisha atarudia darasa la kwanza, wenzake watakwenda la pili. Shemeji yuko barabarani na lori lake la Tunduma. Akija anashusha gunia la viazi, anamkalisha mtoto mapajani, anamtazama, kesho yake anaondoka. Simlaumu. Kila mtu ana pa kujificha na yeye kwake ni kwenye lori.

Mama yako akaja hapa dukani. Hakukaa. Akaniambia kila jioni mtoto anakichukua kile kitabu chake, anafungua pale palipoandikwa Mama anamsuka Nasra, anatulia hapo. Hafungui ukurasa mwingine. Adhana ya magharibi inamkuta hapo hapo, kisha anakifunga. Akasema mtoto kakwama hapo, na kusoma kumekwama hapo hapo. Akasema, "Mtani, mtengenezee kingine. Kisiwe na huyu." Jina lako hakulitaja. Mie nikasema sawa. Nimezoea kusema sawa siku hizi, ni neno jepesi kwa mtu aliyechoka.

Na sikuilipua kazi, nataka uelewe hilo. Nilifuata njia yako. Nilikwenda kwenu, nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikatazama. Nani anamwamsha Nasra? Bibi. Nani anamsuka? Mama Hadija wa jirani, Ijumaa. Nani anamletea viazi? Baba. Kila neno nililochapa lilikuwa la kweli, hata wewe usingepata pa kunishika. Michoro nikatumia ile ile yako, mlango wenu wa bluu, mama yako na kilemba chake, Nasra mwenyewe na pengo. Pale ulipojichora, nikakufuta. Nikajiambia hii ni kazi, Kabula, fanya kazi.

Nikampelekea jioni baada ya alasiri. Akakipokea kwa mikono miwili, akasema asante anti, akaenda kukaa kibarazani. Mie na mama yako tukajifanya tunachagua mchele. Akafungua. Akaanza kusoma.

Kwa sauti, Somoe. Sauti ile ile. Huyu ni Nasra. Nasra anaishi Charambe. Bibi anamwamsha Nasra. Mama yako akaniminya mkono mpaka mchele ukamwagika, nikamsikia anasema Alhamdulillahi chini chini. Mtoto akaendelea, hakukwama popote, hata penye neno gumu hakukwama. Akaongeza mwendo. Picha hazitazami, kidole kinakimbia kwenye maneno, anafungua ukurasa, anafungua ukurasa, akafika mwisho, akageuza jalada akatazama nyuma, akarudi mwanzo akasoma tena chote. Na mie nimekaa pale na ungo mapajani nafurahi kama mwehu. Nasema moyoni, umeona Somoe, nimeweza peke yangu.

Akainua uso. "Anti, mama hayumo."

Akauliza, "Umemweka wapi?"

Alikuwa hasomi, mtani. Alikuwa anakutafuta.

Sikumbuki niliagaje. Nakumbuka mama yako kaokota mchele ule punje kwa punje na hakuna aliyemwomba. Kesho yake nilimwambia lazima Somoe arudi kitabuni, mtoto hatakubali. Akakataa. Akaniuliza nitamwandika vipi. Nikiandika anamsuka, hamsuki. Nikiandika amekufa, huo ni uchuro, utawekaje jina la mtoto na kifo kwenye karatasi moja, unataka kumwita nani tena? Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu mvua imeshaingia mara moja. Yote mawili aliyoyasema ni kweli, na wewe uliyekuwa ukijua kutoka kwenye mambo kama hayo hukuwepo.

Nikakaa na jambo hilo. Nachapa barua za watu, narudufu vyeti, nabana pini, na jambo liko pale. Nasra kile kitabu kipya hakukigusa tena. Cha zamani nacho kakiweka chini ya godoro. Shuleni kimya. Niliona kabisa kinachokwenda kutokea. Wenzake watahama darasa, yeye atabaki, wataanza kumwita mzito, na mtoto akiitwa mzito mara nyingi huwa mzito. Mtoto wako wewe, uliyewasomesha watoto wa mtaa mzima. Nilikukasirikia. Nakwambia kabisa. Nilisema kwa sauti humu dukani, umeniachia nini hiki, na mteja aliyekuwa anangoja picha za pasipoti akadhani namsema yeye.

Halafu siku moja mama yako akatokea tena. Safari hii akakaa, pale kwenye stuli yako. Akangoja mpaka nikamaliza kumhudumia mteja. Akasema, "Sie wa ukoo hatuwezi kuliandika neno hilo. Litatuganda. Lakini mtani hana uchuro. Msibani kazi yako hukuifanya, Kabula, nilikuacha kwa sababu nilikuona. Ifanye sasa."

Nililia mbele yake. Yeye hakulia. Alingoja, akaniambia nijipanguse kwa sababu mteja anakuja.

Basi Nasra akaletwa hapa baada ya shule. Nikampa soda, nikazima simu, nikakaa chini kabisa ili tulingane. Nikamwambia tunaongeza ukurasa wa mama kwenye kile kitabu kipya, na mwenye kusema ni yeye, mie mkono tu. Nikamuuliza kama ulivyokuwa ukiwauliza wengine. Mama yako anaitwa nani? Yuko wapi? Alikuwa anapenda nini, hapendi nini? Nilidhani atalia. Akafikiri, akanywa soda, akaanza kusema taratibu, akiniangalia kama nachapa kweli au namdanganya. Nimechapa kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza:

Mama yake Nasra anaitwa Somoe. Somoe amekufa. Amezikwa na hatarudi. Alikuwa anamsuka Nasra na anavuta sana. Alikuwa hapendi kuosha masufuria. Alikuwa anachora watoto wote.

Pale kwenye "hatarudi" nilimuuliza kama ana hakika anataka niliandike. Akasema, "Si ndiyo kweli?" Nikaliandika. Mtani hana uchuro.

Picha nikakosa. Ile uliyojichora inakuonyesha unasuka, na mie kuchora sijui, wewe mwenyewe ulisema ng'ombe wangu anafanana na meza. Nikampa penseli. Kakuchora kichwa kikubwa, miguu kama njiti za kiberiti, mdomo wazi mpaka masikioni. Nikamuuliza mbona mdomo uko wazi hivyo. Akasema unacheka.

Tukakirudisha nyumbani. Akakaa kibarazani, bibi yake pembeni, mie nikabaki nimesimama na viatu vyangu, tayari kukimbia. Akasoma kuanzia mwanzo, taratibu safari hii, anatazama na picha. Bibi anamwamsha Nasra. Baba analeta viazi. Akafika kwako. Akasoma yote, na lile neno akalisoma kama alivyosoma mengine. Mama yako kafumba macho. Nikasema sasa hapa ama nimeua ama nimeponya.

Mama yako akasema, "Masufuria ni kweli. Somoe masufuria alikuwa anayaficha chini ya kitanda."

Akacheka. Mama yako alicheka, na katikati ya kicheko kikageuka kile kilio ambacho msibani hakukilia, na Nasra akamwekea kitabu mapajani akamwambia bibi usilowanishe. Wakakaa hivyo. Mie nikavua viatu, nikaingia kuwapikia chai.

Nasra kakipeleka shule. Mwalimu akamsimamisha, akasoma chote mbele ya darasa, na mwenzake mmoja akanyoosha mkono akasema na mimi baba yangu amekufa. Mwalimu kamwambia mama yako habari ya kurudia darasa isizungumzwe tena. Sitaki nikudanganye kuwa mambo yamekuwa mazuri. Kuna siku mtoto anakataa kula. Kuna siku anataka nywele zivutwe sana, mama Hadija anaona huruma, anavuta kidogo, mtoto anakasirika. Na bado jioni akifika kwenye ukurasa wako anatulia hapo muda mrefu. Ila sasa baadaye anafungua unaofuata.

Yule mtoto aliyenyoosha mkono, mama yake alikuja jana. Anataka kitabu. Nimemwambia nitakuja nyumbani, sichukui maelezo kwa simu, na kitachukua muda. Akasema atangoja. Kwa hiyo kesho nitafunga duka mapema, niende nikakae mkekani kwao na magoti yangu haya, nimuulize mtoto nani yupo na nani hayupo tena. Nakuahidi, Somoe, simfuti mtu yeyote tena kwenye kitabu cha mtoto, hata mtu mzima akiniomba kwa machozi. Atakayekuwa hai nitamwandika hai, aliyekufa nitamwandika amekufa. Wote watakuwemo.

Na kuna ahadi nyingine, hii nimempa mwanao. Nilipotaka kukibana kitabu chake alinishika mkono. Akasema baada ya ukurasa wa mama niache karatasi tupu, akikumbuka kingine ataniambia. Basi sikukibana pini, nimekifunga kwa uzi ili kifunguke. Juzi kapita hapa anatoka shule, kasema mama alikuwa anaimba akiwa chooni. Nikachapa. Kwa herufi zetu kubwa karatasi ile ikajaa, akauliza je, akikumbuka tena?

Lala salama, mtani wangu. Nimemwambia aje tu, siku yoyote, hata akiwa mtu mzima. Nimechoka, lakini karatasi zipo.

Kabula